Muziki wa filamu ukibaki bila picha: Steve Vai na pambano la njia panda

Mwaka 2002 mpiga gitaa Steve Vai alitoa albamu aliyoiita The Elusive Light and Sound, Volume 1. Humo alikusanya muziki alioupigia filamu mbalimbali tangu miaka ya 80: Crossroads ya 1986, Dudes ya 1987, Bill & Ted's Bogus Journey ya 1991, na PCU ya 1994. Wapenzi wake wamegawanyika juu yake. Wapo wanaoiona hazina, na wapo wanaosema ni makombo ya studio yaliyokusanywa ili mashabiki wanunue. Nimeisikiliza upya, mwanzo hadi mwisho, na naona kila upande umeshika kipande cha ukweli.

Kwa asiyemfahamu, Vai alizaliwa mwaka 1960 katika jimbo la New York. Alifundishwa gitaa na mpiga gitaa Joe Satriani akiwa bado kijana, akaenda kusoma chuo cha muziki cha Berklee mjini Boston, kisha mwanamuziki Frank Zappa akamchukua kwa kazi ngumu kuliko zote: kusikiliza rekodi na kuandika kila noti iliyopigwa, hata zile za solo ambazo aliyezipiga mwenyewe asingeweza kuzirudia. Baadaye alipiga na mwimbaji David Lee Roth na bendi ya Whitesnake, na mwaka 1990 akatoa Passion and Warfare, ambayo wapiga gitaa wengi wanaihesabu miongoni mwa rekodi kubwa za gitaa tupu. Kwa hiyo huyu si mtu wa vidole vya kasi peke yake. Anajua kutunga, na anaweza kuuandika muziki wa kundi zima la ala.

Sasa malalamiko. Muziki wa filamu hukatwa kwa kipimo kama kitambaa kwa fundi. Mtunzi huletewa picha zilizokwisha kuunganishwa, akaambiwa aanze mlango unapofunguliwa na amalize gari linapoondoka, na katikati asiyafunike maneno ya waigizaji. Akimaliza ana kipande cha sekunde chache ambacho kazi yake ni kumtia mtazamaji wasiwasi au kumchekesha. Kiondoe kwenye picha, ukiweke kwenye albamu pamoja na wenzake, na unapata mlolongo wa vitu vinavyoanza na kukatika kabla sikio halijakaa. Ndivyo ilivyo sehemu kubwa ya albamu hii. Vipande vya PCU, filamu ya vichekesho vya wanafunzi wa chuo, vinapita kimoja baada ya kingine na ni vigumu kukumbuka hata kimoja. Gitaa linapigwa vizuri, hilo halina ubishi, ila hakuna wimbo wa kuondoka nao.

Wanaolalamika hupenda kutoa mfano wa Mark Knopfler, mpiga gitaa wa bendi ya Dire Straits, ambaye mwaka 1993 alikusanya muziki wake wa filamu katika albamu ya Screenplaying. Mfano huo unauma. Knopfler anapiga noti chache, anaziacha zipumue, na anachotunga kinabaki wimbo hata filamu isipokuwepo. Ule wa kumalizia filamu ya Local Hero ya 1983 umekuwa muziki wa klabu ya Newcastle United: hupigwa uwanjani kwao, St James' Park, na maelfu ya watu wanaousikia hawana haja ya kuwa wameiona filamu hiyo. Hakuna kipande cha Vai kilichopata maisha ya namna hiyo.

Isipokuwa kimoja, na hapo ndipo ninapoachana na wanaolalamika.

Crossroads, iliyoongozwa na Walter Hill, imejengwa juu ya ile hadithi ya kale ya Mississippi inayosimuliwa kuhusu mpiga gitaa wa bluzi Robert Johnson, kwamba aliiuza roho yake kwa shetani penye njia panda ili ajue kupiga gitaa. Ralph Macchio anaigiza Eugene, kijana anayesomea muziki katika chuo cha Juilliard lakini moyo wake uko kwenye bluzi. Mwishoni lazima apambane na Jack Butler, mpiga gitaa wa shetani, na Butler ni Steve Vai mwenyewe. Wanaanza kwa bluzi ya kutelezesha kichupa kwenye nyuzi, na hapo gitaa la Eugene limepigwa na Ry Cooder, mtunzi wa muziki wa filamu nzima. Kisha Eugene, kaelemewa, anakumbuka alichosomea. Anapiga kitu kilichotungwa kutokana na Caprice namba 5, kipande cha fidla cha Mwitaliano Paganini, fidla iliyohamishiwa kwenye gitaa la umeme aina ya Telecaster, noti zikikimbizana bila mahali pa kuvuta pumzi. Butler anajaribu kuirudia. Anafika kwenye zile noti za juu kabisa, zinamkataa, anajaribu tena, uso unambadilika, gitaa analiacha lianguke.

Aliyepiga hiyo sehemu ya Eugene ni Vai. Mkono ulioshindwa ndio ulioshinda.

Na sababu ya kipande hiki kusimama peke yake naiona wazi. Macchio hakuwa mpiga gitaa wa kiwango hicho, alifundishwa jinsi ya kuweka vidole ili aonekane anapiga, akafuatisha muziki uliokwisha kurekodiwa. Hapa picha ndiyo iliyoufuata muziki. Hakuna aliyemwambia Vai akate kwa sababu mlango unafungwa. Alipiga wimbo wenye mwanzo, kupanda na mwisho, na kamera ikamfuata. Vipande vya PCU vilizaliwa kinyume chake, na sikio linatambua tofauti hiyo bila kuelezwa.

Kuna lawama nyingine nzito zaidi. Filamu inayoheshimu bluzi, muziki wa watu weusi wa Mississippi, inamaliza kwa kijana wa kizungu kushinda kwa muziki wa Ulaya. Lawama hiyo naikubali kabisa, na Paganini naye kuvumishiwa kuwa aliuziana na shetani hakuiondoi. Lakini ni lawama ya hadithi na walioiandika. Kilichomo kwenye nyuzi hakina kosa hilo.

Tena kuna jambo ambalo lingenitosha kuitetea albamu hii hata kama mengine yote yangekuwa mabaya. Albamu rasmi ya Crossroads aliyoitoa Cooder mwaka 1986 haina pambano lile. Ni albamu nzuri mno, ila aliyeinunua akitafuta zile dakika zilizomtoa jasho kwenye kiti hakuzikuta. Muziki wa namna hii hupotea kirahisi, ukibaki kwenye kanda za studio ambazo hakuna anayezifungua. Vai aliutoa nje, na kwa hilo namshukuru kwa dhati, pamoja na makombo yake.

Siku hizi naanza na pambano, naliacha liishe. Vile vingine nimeamua kuvisikia vilikotungiwa: nimeitafuta PCU yenyewe, na kila wahusika wanaponyamaza naongeza sauti.