"Kawaida" ya nani?

Juzi nilimwaga bahasha ya kaki ya Baba mezani. Risiti za dawa, kadi ya kliniki iliyochakaa, na karatasi tatu za majibu ya PSA, protini ya kwenye damu inayotengenezwa na tezi dume. Januari: 0.2. Aprili: 0.4. Julai: 0.8. Pembeni ya kila namba maabara imechapa kiwango chake, 0 hadi 4, na mbele yake neno moja: kawaida.

Kawaida! Mzee ameondolewa tezi dume yote kwa saratani miaka miwili iliyopita. Kiwanda kimebomolewa, bidhaa bado inatoka, halafu tunaambiwa kawaida? Ile 4 wamewekewa wenye tezi zao mwilini. Aliyepasuliwa anatakiwa asome karibu na sifuri, ikifika 0.2, ikarudiwa ikathibitika, ugonjwa huo umerudi.

Halafu tazameni mwendo wake. Inajirudufu kila miezi mitatu. Hesabuni nami kwa vidole: Oktoba 1.6, Januari 3.2, na bado karatasi ingesema kawaida. Ingebidi tufike Februari ndipo kompyuta ya maabara ishtuke! Wanaotibu saratani hii hawahesabu muda wa kujirudufu kwa kujifurahisha. Ambaye PSA yake inachukua mwaka na ushei kujirudufu anaweza kuvuta pumzi. Wa miezi mitatu yuko kwenye kundi la hatari. Na mionzi ya baada ya upasuaji hufanya kazi vizuri zaidi ikianza PSA haijavuka 0.5. Sisi tumeivuka tukishangilia. Nakumbuka siku ya majibu ya Julai, kijana wa dirishani alimwambia Baba, "Mzee wangu uko fiti, nenda kapumzike." Tukapitia feri kununua changu wa kukaanga.

Kijana simlaumu sana, anasoma kilichochapwa. Lakini madaktari? Kila kliniki sura mpya, na kila sura inatazama karatasi ya siku hiyo tu. Faili lilipotea, tukafunguliwa jipya: jina, umri, basi. Kasi utaipimaje kwa namba moja?

Haya, nikubali kidogo. Kwa asiyegundulika na saratani, kasi isimtie kiwewe. Zamani PSA ikipanda zaidi ya 0.75 kwa mwaka walitaka mtu akatwe kipande kidogo cha tezi kikapimwe. Utafiti wa Marekani wa 2011 ukaonyesha kasi hiyo haiongezi la maana juu ya namba yenyewe. UTI huipandisha PSA. Hata tendo la ndoa usiku wa kuamkia kipimo (na nani atamuuliza mzee wa miaka 71 swali hilo, nesi aliyemaliza chuo juzi?). Maabara mbili nazo zinaweza kutofautiana kwa damu ileile, kwa hiyo pimeni sehemu moja. Lakini Baba hana tezi ya kusingizia.

Dada amenunua kaunta buku, tukaandika tarehe na namba, mstari kwa mstari. Daktari bingwa tuliyemfikia mwishowe aliisoma kimya, akaweka kidole kwenye mstari wa pili.

"Hii ya Aprili mlimwonyesha nani?"

"Daktari," Baba akasema. "Aliniambia ni kawaida."

Bingwa hakusema kitu. Akavuta fomu ya rufaa ya mionzi, akaanza kuandika.