Manowari za Makombora Bahari ya Shamu: Ngao Imara, Njia Tupu

Tarehe 26 Novemba 2023 meli ya kubeba kemikali iitwayo Central Park iliomba msaada katika Ghuba ya Aden baada ya kuvamiwa na watu wenye silaha. Manowari ya Marekani, USS Mason, iliwahi eneo hilo na kuwaamuru wavamizi waiachie meli. Watu 5 waliruka kwenye boti yao ya kasi wakajaribu kutoroka, lakini walifukuzwa hadi wakajisalimisha. Saa chache baadaye makombora 2 ya balistiki yalirushwa kutoka eneo la Yemen linaloshikiliwa na Wahouthi, kundi lenye silaha linaloshambulia meli katika Bahari ya Shamu na Ghuba ya Aden, kuelekea upande zilikokuwa meli hizo mbili, yakaanguka baharini takriban maili 10 za baharini kutoka hapo.

Katika muda usiotimia siku moja, manowari moja ilifanya kazi ya polisi wa baharini, kisha ikajikuta kwenye uwanja wa vita. Tangu hapo limekuwapo swali ambalo wachambuzi wa masuala ya ulinzi hawajakubaliana juu yake: je, meli ya kivita ya thamani kubwa kiasi hiki ndiyo inayofaa kulinda njia za meli za biashara siku hadi siku?

Mason ni ya jamii ya Arleigh Burke, manowari za aina ya destroya ambazo ya kwanza iliingia kazini mwaka 1991. Ina uzito wa takriban tani 9,000, mabaharia wapatao 300 na mwendo unaozidi noti 30, yaani maili 30 za baharini kwa saa. Anayesimama kwenye sitaha yake haoni makombora yoyote. Anachoona ni safu za vifuniko vya mraba, na chini ya kila kifuniko kuna mrija wa kurushia uliosimama wima. Mirija hiyo ni 96, nayo hubeba makombora ya kutungua ndege na makombora ya adui, ya kushambulia nchi kavu, na ya kuwinda nyambizi. Mfumo wa Aegis huunganisha rada, kompyuta na silaha hizo, ukafuatilia vitu vingi angani kwa wakati mmoja.

Wanaoitetea wana hoja nzito. Tarehe 19 Oktoba 2023 USS Carney, ya jamii hiyohiyo, ilitungua makombora na droni kutoka Yemen kwa saa kadhaa mfululizo. Usiku wa tarehe 30 Januari 2024 kombora moja liliikaribia USS Gravely hadi umbali wa takriban maili moja, likaangushwa na Phalanx, bunduki ya mwisho ya kujihami inayoweza kufyatua hadi risasi 4,500 kwa dakika. Katika umbali huo kilichobaki ni sekunde tu, na boti ya doria yenye mzinga mmoja isingekuwa na jibu. Pia tukumbuke kilichotokea Julai 2025, pale meli za Magic Seas na Eternity C ziliposhambuliwa na kuzamishwa katika siku chache zikiwa hazina manowari ya kuzisindikiza, na mabaharia kadhaa wa Eternity C wakapoteza maisha. Kwangu mimi huo ndio ushahidi mkubwa zaidi wa upande huu, kwa sababu unaonyesha jinsi bahari inavyokuwa pale ambapo ngao haipo.

Hata hivyo, upande wa pili nao hauwezi kupuuzwa. Kombora la SM-2, mojawapo ya yale ya kutungua yanayobebwa na mirija hiyo, hugharimu takriban dola milioni 2, ilhali droni inayolengwa ni ya bei ndogo mno ukiilinganisha nalo. Aprili 2024 Carlos Del Toro, aliyekuwa Waziri wa Jeshi la Majini la Marekani, aliliambia Bunge la Seneti kwamba silaha zilizokwisha kutumika katika eneo hilo zinakaribia thamani ya dola bilioni 1. Watetezi hujibu kwamba hesabu sahihi si kombora dhidi ya droni, bali ni kombora dhidi ya meli na roho za watu waliomo. Jibu hilo ni la kweli kwa usiku mmoja wa hatari. Kwa mwaka mzima halitoshi, kwa kuwa mirija ikishaishiwa, manowari hulazimika kuondoka eneo la ulinzi na kwenda bandarini kujaza tena.

Tena ulinzi haupimwi kwa idadi ya droni zilizoanguka. Hupimwa kwa uamuzi wa nahodha na kampuni yake: kupita Bab al-Mandab, mlango wa kusini wa Bahari ya Shamu, au kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema kusini mwa Afrika, safari inayoongeza siku 10 hivi au zaidi. Manowari zikiwapo, kampuni nyingi kubwa za makontena bado ziliamua kuzunguka. Meli ya mizigo Rubymar, iliyobeba zaidi ya tani 21,000 za mbolea, ilipigwa Februari 2024 ikazama mwezi Machi, na siku chache baadaye mabaharia 3 wa meli nyingine ya mizigo, True Confidence, waliuawa. Watu hawa walikuwa kazini, hawakuwa sehemu ya vita ya yeyote, na inauma kuona vifo vyao vinatajwa kwa haraka kuliko bei ya makombora.

Kwa maoni yangu, manowari hizi hazina budi kubaki, lakini zisichoshwe kwa kazi inayowezekana kwa silaha nafuu. Machi 2024 manowari ya Italia, Caio Duilio, ilitungua droni kwa mizinga yake ya milimita 76, na mwezi huohuo helikopta ya Ufaransa iliangusha nyingine kwa bunduki. Makombora ya gharama yabaki kwa yale ya balistiki, ambayo mzinga hauyawezi. Vilevile suala la kujaza mirija baharini lipewe uzito kuliko kuunda meli mpya: Oktoba 2024, katika pwani ya California, Marekani ilifanya jaribio la kuhamisha kasha tupu la kombora kutoka meli ya mizigo hadi kwenye mrija wa manowari USS Chosin zikiwa zote mbili safarini. Kila manowari inayoweza kujazwa hukohuko inakolinda ni siku kadhaa ambazo meli za biashara hazitaachwa peke yao.