Dubai na familia: hesabu ya mwalimu ianzie kwenye mshahara wa msingi

Msimu wa shule za Dubai na Sharjah kutafuta walimu wa Agosti ukifika, walimu wenzangu wa Kenya hunitumia barua zao za ajira nizisome. Swali huwa lile lile: dirhamu 9,000 ni pesa nzuri? Anayeuliza huwa ameshapiga hesabu yake. Dirhamu moja ni kama shilingi 35, kwa hiyo 9,000 ni 315,000 kwa mwezi, na Falme za Kiarabu hazitozi kodi ya mapato kwenye mshahara. Mtu aliyezoea hati ya mshahara ya TSC, tume inayowaajiri walimu wa serikali Kenya, yenye orodha ya makato isiyokwisha, akiona nambari hiyo moyo humruka. Mimi humjibu kwa swali: unakwenda peke yako, au na watu wako wote?

Kwa mwalimu asiye na mtoto, pesa hiyo ni nzuri na sina la kuongeza. Kwa mwenye mke au mume na watoto, naona ni makosa kuwapandisha wote ndege mwezi huo mmoja. Aende mmoja kwanza, akae mwaka mzima wa shule, wengine wamfuate. Najua msimamo huu huwaudhi wanaoamini familia isitengane hata siku moja. Waniwie radhi, nitaeleza.

Tuanze na barua yenyewe. Ile 9,000 mara nyingi imegawanywa: tuseme 5,000 mshahara wa msingi, 3,000 ya nyumba, 1,000 ya usafiri. Watu huiruka mistari hiyo wakaenda moja kwa moja kwenye jumla. Lakini kiinua mgongo, ambacho kwa wengi ndicho akiba pekee watakayorudi nayo, huhesabiwa kwa mshahara wa msingi tu: siku 21 kwa kila mwaka katika miaka 5 ya mwanzo, kisha siku 30 kwa kila mwaka unaofuata. Kwa msingi wa 5,000, siku 21 ni dirhamu 3,500. Ukikaa miaka 3 unaondoka na 10,500. Aliyedhani atahesabiwa kwa 9,000 alikuwa akingojea 18,900. Pengo hilo ni karibu laki tatu za Kenya, na lilikuwamo kwenye barua tangu siku ya kwanza. Ukiondoka kabla ya kutimiza mwaka, hupati hata hicho.

Linganisha na ulichokiacha. Mwalimu aliye kwenye mpango wa pensheni ulioanza Kenya mwaka 2021 hukatwa asilimia 7.5 ya mshahara wa msingi na serikali humwongezea asilimia 15. Huko ugenini hakuna wa kukuongezea. Ndiyo maana mimi hutaka mtu aweke akiba ya uzeeni kwenye bajeti kama deni la kila mwezi, kabla hajaanza kuzungumzia fanicha.

Sasa nyumba. Shule ikisema inatoa makazi, uliza ni ya watu wangapi, kwa sababu makazi mengi ya walimu ni ya mtu mmoja au ya kuishi wawili wa shule moja, na watoto hawaruhusiwi. Ikikupa posho badala yake, unaingia kwenye soko la Dubai, ambako kodi ya nyumba hukubaliwa kwa mwaka na hulipwa kwa hundi chache zilizoandikwa tarehe za mbele. Chukua fleti ya 60,000 kwa mwaka inayolipwa kwa hundi 4. Hundi ya kwanza ni 15,000. Amana ya mwenye nyumba, ambayo kwa fleti isiyo na samani kwa kawaida ni asilimia 5, ni 3,000. Dalali naye huchukua asilimia 5, yaani 3,000 nyingine, na VAT juu yake. DEWA, mamlaka ya umeme na maji, inataka amana ya 2,000 kwa fleti. Hapo umefika 23,000, zaidi ya laki nane za Kenya, na hujanunua godoro. Ni zaidi ya mishahara miwili na nusu, wakati mwalimu aliyeanza kazi mwisho wa Agosti huuona mshahara wake wa kwanza kamili mwisho wa Septemba.

Hata ukiwa na fedha hizo mkononi, huzitumii siku unayoshuka ndege. Hundi haiji bila akaunti ya benki, akaunti inataka kitambulisho cha Emirates, na kitambulisho kinataka viza ya ukazi. Katikati ya hayo watu wanalala wapi? Shule inaweza kumlipia mwalimu hoteli kwa siku za mwanzo, lakini ni chumba cha mwalimu. Mke na watoto wawili kwenye chumba cha pili cha hoteli, katika joto la Agosti ambalo halimruhusu mtoto kucheza nje mchana, ni bajeti nyingine kabisa. Kisha ukipata fleti, bili ya DEWA huja na ada ya manispaa ya asilimia 5 ya kodi ya mwaka, iliyogawanywa kwa miezi 12. Kwa nyumba yetu ya mfano ni 250 kila mwezi, kabla ya kuwasha kiyoyozi. Wengi hukimbilia Sharjah au Ajman kwenye kodi nafuu, na si wazo baya, ila foleni ya asubuhi ya kuingia Dubai nayo ina bei yake.

Karo huvunja bajeti nyingi kuliko kodi. Watoto wengi wa wageni husoma shule za kulipia, na barua ya ajira itasema kwa maneno matamu kwamba kuna punguzo kwa watoto wa mwalimu. Asilimia ngapi? Watoto wangapi? Basi la shule, sare, vitabu na ada za mitihani zimo? Na je, darasa la mwanao lina nafasi? Punguzo la nusu katika shule ya Kiingereza ya bei ya juu linaweza kukuacha unalipa zaidi kuliko karo kamili ya shule ya mtaala wa Kihindi mtaa wa pili. KHDA, mamlaka inayosimamia shule binafsi za Dubai, hutangaza karo ya kila shule kwa kila darasa, kwa hiyo hakuna sababu ya kukisia. Fungua, andika, jumlisha.

Kalenda nayo inagharimu, na sijui kwa nini haizungumzwi. Mtoto wa Kenya huanza darasa Januari. Shule za mtaala wa Kiingereza Dubai huanza mwisho wa Agosti, za Kihindi huanza Aprili. Ukimhamisha Agosti, ameacha muhula wa tatu nyumbani bila kuumaliza, na huko anaingia ama mwanzo wa darasa jipya au katikati ya mwaka ulioanza bila yeye. Kinachofuata huwa ni mwalimu wa ziada wa jioni, Kiarabu hasa, kwa kuwa shule binafsi zinatakiwa kukifundisha.

Sheria itakuruhusu kuwadhamini mke na watoto ukiwa na mshahara wa 4,000, au 3,000 na nyumba. Watu huchukua kiwango hicho kama ushahidi kwamba familia inaweza kuishi kwa pesa hiyo. Si ushahidi. Kila mmoja atahitaji viza, kitambulisho na bima ya afya, na huko Dubai mwajiri analazimika kumlipia bima mfanyakazi tu. Jamaa zako ni mzigo wako. Vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa navyo vipitie Wizara ya Mambo ya Nje Nairobi na ubalozi wa Falme kabla ya kusafiri, kisha wizara ya kule itagonga muhuri wake kwa dirhamu 150 kwa kila cheti. Ukivisahau nyumbani, mtu atavikimbiza ofisi hadi ofisi kwa nauli yako.

Lakini gharama kubwa kuliko zote haionekani kwenye barua ya Dubai. Ni mshahara wa pili unaokufa Kenya. Walimu wengi wameoana na walimu. Mmoja akipata kazi huko na mwingine akajiuzulu TSC ili amfuate, familia imebadilisha mishahara miwili na mmoja. Aliyefuata anaweza kupata kibali cha kazi akiwa chini ya viza ya mwenzake, ndiyo, lakini kwanza apate kazi. Na kuna mkopo wa Sacco. Ulikuwa unakatwa juu kwa juu kwenye mshahara; mshahara ukisimama, makato yanasimama, na Sacco inawageukia wadhamini, ambao ni wale wale mlioketi nao chumba cha walimu. Nimeona urafiki wa miaka ukiishia hapo.

Anayebaki mwaka wa kwanza analinda hayo yote: mkopo unaendelea kulipwa, watoto wanamaliza mwaka wao wa shule, nyumba haiuzwi vyombo kwa bei ya kutupa. Anayetangulia anaishi kwenye chumba cha shule, anafungua akaunti, anajua mtaa na shule ya watoto kwa macho yake. Ndoa zinaumia kwa umbali, sibishi. Ila nimeona pia zinavyoumia watu wakigombania dirhamu 200 za mwisho wa mwezi katika fleti ya chumba kimoja. Kuna likizo ya Desemba na tiketi ya nyumbani. Iwekwe kwenye bajeti mapema, si kama anasa.

Kama nyote wawili mna mikataba mkononi, basi nendeni pamoja, hoja yangu haiwahusu. Na kwa wanaoniuliza kuhusu wakala anayetaka ada ya kuwatafutia nafasi: sheria ya kazi ya Falme, iliyoanza kutumika Februari 2022, inamkataza mwajiri kumtwisha mfanyakazi gharama za kumwajiri, moja kwa moja au kwa kuzunguka. Mwandikie mkuu wa shule umuulize kama anajua wakala wake anatoza, kabla hujatuma hata shilingi.