Koti la Vikulabu: Sare ya Kirusi ya 1881 na Waliolicheka

Katika historia ya sare za jeshi la kifalme la Urusi, hakuna amri iliyosemwa vibaya kama ile iliyotolewa mwaka 1881, baada ya Alexander III kukalia kiti cha baba yake aliyeuawa. Nyuma yake kuna dhahabu na rangi za enzi ya Nicholas I, mbele yake kuna mapambo yaliyorejeshwa na Nicholas II, na hapo katikati panaonekana kama jangwa. Wengi huiita sare ya kishamba, wakaishia hapo. Naona hukumu hiyo imetolewa na watu waliolitazama jeshi likipita kwenye gwaride, wala si na waliotwishwa mzigo wa kulivika.

Koti jipya la kijani kilichokoza lilipishana kifuani bila kifungo hata kimoja, likafungwa kwa vikulabu. Suruali iliingizwa ndani ya buti ndefu, jinsi wakulima wa Kirusi walivyozoea, na kofia ikawa fupi, ya manyoya ya mwanakondoo. Mwaka 1882 vikosi vya farasi vya husari (wapanda farasi wepesi wenye sare za mapambo) na ulani (wapanda farasi wa mikuki), isipokuwa vya walinzi wa mfalme, viligeuzwa kuwa vya draguni (wapanda farasi wa kawaida) na kuvuliwa mavazi yao ya fahari.

Vikulabu hivyo vimechekwa sana, nami nadhani ndimo ilimokaa busara yote. Kifungo kina tundu lake, na ukitaka kukihamisha huna budi kulikata koti upya. Kikulabu huhamishwa kwa sindano na mishono michache, na koti lile lile likamfaa mnene na mwembamba, au likavaliwa juu ya nguo nzito wakati wa baridi. Tena hakuna shaba ya kung'arisha kila asubuhi. Haya yangekuwa madogo katika jeshi la zamani, ambamo askari alitumikia hata miaka 25. Lakini sheria ya 1874, kazi ya Waziri wa Vita Dmitry Milyutin, ilileta utumishi wa lazima kwa watu wa matabaka yote: miaka 6 kikosini na 9 katika akiba. Maana yake ni kwamba vita vikizuka, wanaume wengi mno wangeitwa kutoka mashambani, baadhi yao wakiwa wamenenepa tangu waliporuhusiwa kurudi kwao, na koti lingetoka ghalani bila aliyelishona kujua litamwangukia nani. Pyotr Vannovsky, waziri aliyesimamia mageuzi hayo, alikuwa ametumika huko Bulgaria katika vita vya 1877 na 1878 dhidi ya Waturuki, vita vilivyoiacha hazina ya serikali ikiwa hoi.

Wala hakuwa wa kwanza kuwaza hivyo. Mwaka 1783 Grigory Potemkin, mkuu wa jeshi, alimweleza malkia wake Catherine II kwamba kusokota nywele na kuzipaka poda si kazi ya askari, kwa kuwa hana mtumishi wa chumbani. Askari akiamka, awe tayari. Paul I, mwana wa Catherine, akairudisha misokoto na poda hiyo mwaka 1796, kwa mtindo wa Prussia.

Upande wa pili una hoja ambayo si haki kuipuuza. Ofisa alijinunulia sare kwa mshahara wake mdogo, na kwa wengi heshima ya vazi ilikuwa sehemu ya ujira wenyewe. Kumwambia husari, ambaye kikosi chake kilijulikana kwa rangi zake tangu vita dhidi ya Napoleon, kwamba leo yeye ni draguni, ni kumnyang'anya kitu ambacho fedha hailipi. Wapo waliojiuzulu, na siwalaumu. Hata hivyo, utambulisho haukufutwa wote: katika divisheni ya askari wa miguu, vikosi vinne viliendelea kutambulikana kwa mikanda ya kofia, mwekundu, wa buluu, mweupe na wa kijani. Na ofisa maskini wa miguu, ambaye sauti yake haisikiki sana katika malalamiko haya, alipata nafuu ya gharama.

Kasoro kubwa kweli ilikuwa rangi. Mwaka 1904 kule Manchuria, mashati meupe ya kiangazi yaliwafanya askari shabaha nzuri kwa Wajapani, ikabidi yatiwe rangi huko huko vitani. Lakini waliolilia nyuzi za dhahabu hawakuwa wakiomba kaki. Kuanzia 1907 wote walipata walichotaka: kaki kwa vita, na majina ya husari na ulani pamoja na sare zenye vifungo vya kung'aa kwa gwaride. Gharama ya kumvika mtu mmoja mara mbili ilionekana upesi. Kufikia 1913 askari wa miguu wa kawaida alikuwa na koti moja la kaki, ambalo siku ya sherehe lilipachikwa kifuani kipande cha kitambaa cha rangi. Sherehe ikiisha kipande kilibanduliwa, na koti lililobaki mwilini halikuwa na madoido zaidi ya lile la Vannovsky, ila sasa lilikuwa na rangi ya udongo.