Maji ya bomba kwenye tangi la matumbawe: kosa ni siku ya kwanza au kila siku?

Shemeji yangu anayeishi Leicester, Uingereza, ameshanunua tangi la lita 200, mawe, taa na ndoo ya chumvi. Juzi akanipigia: "Shemeji, na chujio la kusafisha maji kabla ya kuyatia tangini nalo ni lazima? Si maji haya haya tunakunywa?"

Swali lake ni la haki. Wanaotetea bomba hawaongei ovyo. Klorini inayotiwa kuua vijidudu inaondoka kwa matone machache ya thiosulfeti, dawa ya kuivunja. Kloramini, yaani klorini iliyoungana na amonia, ni sugu zaidi na dawa ikiivunja hubaki amonia, lakini tangi jipya halina mnyama bado, na bakteria wanaoanza kuota humo huila amonia hiyo hiyo. Tena chujio hilo, ambalo ni la utando, humwaga lita tatu au nne ili litoe moja safi. Sisi tuliokulia Mombasa tukinunua maji kwa madumu ya mkokoteni, kuona maji yanaingia shimoni kunatuuma kwelikweli.

Ila "salama" ni salama kwa nani? Shirika la Afya Duniani linakubali hadi miligramu 2 za shaba kwa lita ya maji ya kunywa. Dawa ya shaba wanayotibiwa samaki wenye vimelea huwekwa kama miligramu 0.2 tu kwa lita, na kiasi hicho kinatosha kuua kamba na konokono wote tangini. Nyumba nyingi za Uingereza zina mabomba ya shaba, na maji yaliyolala humo usiku kucha ndiyo mabaya zaidi.

Kuna pia fosfeti, chumvi ya fosforasi inayolisha mwani, na hapa ndipo Uingereza inapotofautiana na kwingi. Mabomba ya zamani ya risasi, madini yenye sumu, bado yapo katika nyumba nyingi, kwa hiyo kampuni za maji huongeza fosfeti makusudi ili ijenge ngozi ndani ya bomba, risasi isiyeyuke. Kwa mtoto ni kinga. Kwa tumbawe ni balaa: wengi wetu tunapigana fosfeti isivuke miligramu 0.1 kwa lita, na bomba la jikoni kwangu lilisoma 2.5. Tangi langu la kwanza nililijaza hapo. Wiki ya tatu mchanga ulivaa utando wa kahawia, kisha mwani wa nyuzi ukapanda mawe mpaka ukaziba midomo ya matumbawe madogo.

Kwa miaka nililaumu ule ujazo wa kwanza. Sasa naona nililaumu kisicho kikuu. Lita 200 kwa 2.5 ni miligramu 500, mzigo wa mara moja. Mawe ya chokaa yatafyonza sehemu na kuirudisha polepole, lakini chembe za oksidi ya chuma kwenye chujio la tangi zitaumaliza. Linaloangamiza ni kujazia maji yanayopungua kwa kupaa. Tangi kama lake hupoteza kama lita mbili kwa siku. Kinachopaa ni maji matupu. Fosfeti na shaba vinabaki. Ukijazia kwa bomba, siku 100 zikipita umeingiza mzigo mzima wa siku ya kwanza tena, na baada ya hapo mwingine. Kubadilisha maji kwa maji yale yale ya bomba hakukutoi hapo.

Kwa hiyo nimemwambia hivi. Kama fedha za chujio hazijapatikana, apime shaba kwanza, baada ya kuacha bomba lichirizike dakika chache. Ikisoma sifuri, ajaze, atie dawa ya klorini na kloramini, asiweke tumbawe mpaka fosfeti ishuke. Lakini maji ya kujazia yasitoke bombani hata siku moja. Kwa wiki anahitaji lita 14 tu, na maduka mengi ya samaki huko huuza maji yaliyochujwa kwa lita. Madumu mawili ya lita 10 yanamtosha. Chujio lake likija, maji linayomwaga ayakinge kwenye pipa, afulie.