Waliobeba msimbo wa Bitcoin, wamerudi na nini?

Ukitaka kujua sarafu ya kuiga, yaani sarafu ya kidijitali iliyojengwa kwa msimbo wa nyingine, inazaliwaje, fungua msimbo wa Bitcoin Core, programu kuu inayoendesha Bitcoin, utafute faili linaloitwa chainparams.cpp. Humo ndimo kilimoandikwa karibu kila kitu kinachoufanya mtandao huo uwe wenyewe na si mwingine: mlango namba 8333 ambao kompyuta hupigiana hodi, baiti nne zinazotangulia kila ujumbe ili mashine zitambuane, namba inayozifanya anwani za zamani zianze na 1, na bloku 210,000, yaani mafungu ya miamala, zinazopita kabla zawadi ya mchimbaji, yule anayeyafunga kwa kompyuta yake, haijakatwa nusu. Kimo hata kichwa cha habari cha gazeti la The Times la tarehe 3 Januari 2009, kilichopachikwa kwenye bloku ya kwanza kabisa.

Kisha fungua faili la jina hilo hilo upande wa Litecoin, moja ya sarafu hizo za kuiga. Hodi inapigwa mlango 9333. Anwani za zamani zinaanza na L. Zawadi inakatwa nusu kila baada ya bloku 840,000. Pale palipokuwa na The Times pana kichwa cha habari cha New York Times kuhusu kifo cha Steve Jobs, Oktoba 2011. Litecoin ilibadilisha pia mbinu ya uchimbaji, ikatumia hesabu ziitwazo scrypt badala ya SHA-256 za Bitcoin, lakini sehemu kubwa ya mistari iliyobaki ni ile ile, na tangazo la haki za walioiandika mwanzo bado limo juu ya mafaili.

Huo haukuwa wizi. Bitcoin ilitolewa chini ya leseni ya MIT, ambayo kwa ufupi inasema: chukua, badilisha, uza ukitaka, ila usiondoe tangazo la wenye kazi. Satoshi Nakamoto, aliyeiunda Bitcoin, angeweza kuweka masharti makali zaidi, na hakuweka. Kwa hiyo kila ninapoona watu wakizitukana sarafu zote za kuiga kwa mkupuo mmoja, kana kwamba kunakili kwenyewe ni uhalifu, naona wamesahau maana ya programu huria. Mlango uliachwa wazi makusudi.

Kinachonisumbua mimi ni kingine. Waliopita mlangoni wakabeba, wamerudi na nini?

Wapo waliorudi na mzigo. Namecoin, iliyoanza Aprili 2011, ndiyo ya kwanza kuchepuka kutoka kwenye msimbo wa Bitcoin, na haikulenga pesa tu: ilitaka majina ya tovuti yasajiliwe pasipo mamlaka moja kuyashika. Ndiyo pia iliyoutoa uchimbaji wa pamoja kwenye mazungumzo ukawa kitu kinachofanya kazi, yaani umeme ule ule kulinda mitandao miwili kwa mpigo. Peercoin ya 2012 ilithubutu kuuliza kama ni lazima mtandao ulindwe kwa umeme mwingi hivyo, ikawapa wenye sarafu sehemu ya kazi ya ulinzi. Zcash ilizinduliwa Oktoba 2016 juu ya msimbo wa Bitcoin, ikaongeza hesabu zinazomwezesha mtu kuthibitisha kwamba malipo yake ni halali bila kuonyesha kamlipa nani wala kiasi gani. Hakuna hata moja kati ya haya ambalo lingepenya kwenye Bitcoin yenyewe kwa haraka. Bitcoin imeshika pesa za watu wengi mno. Kila mstari unaoguswa hupitiwa kwa hofu, na inastahili iwe hivyo.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa 2017. Wasanidi na wachimbaji wa Bitcoin walikuwa wamekwama kwenye ugomvi kuhusu SegWit, badiliko linalotenganisha sahihi na sehemu nyingine za muamala. Moja ya hofu za wapinzani ilikuwa kwamba pesa zilizo kwenye anwani za mfumo huo zinaweza kuchukuliwa na yeyote, maana kompyuta zenye programu ya zamani huziona kama hazina mwenyewe. Mei mwaka huo Litecoin ikauwasha mfumo huo. Mtu mmoja akaweka hadharani sarafu zenye thamani ya takriban dola milioni 1 kwenye anwani ya namna hiyo, akawaambia wanaodai zinachukulika wazichukue. Hakuna aliyezichukua. Agosti, Bitcoin nayo ikawasha SegWit. Sidai kwamba Litecoin ndiyo iliyomaliza ugomvi, mashinikizo yalikuwa mengi. Lakini kuona kitu kikifanya kazi kwenye msimbo ulio ndugu, pesa za kweli zikiwa hatarini, ni ushahidi ambao mtandao wa majaribio hauwezi kuutoa. Sarafu za majaribio hazina thamani, na mwizi hana sababu ya kujisumbua nazo.

Wapo wanaosema sarafu hizi zinagawa nguvu: kila msanidi aliyekwenda kujenga nakala ni msanidi aliyepotea. Hoja hii sijawahi kuiamini. Programu huria si kiwanda chenye wafanyakazi wa idadi maalumu. Aliyevutiwa na jambo la faragha akaenda Zcash au Monero, sarafu nyingine ya faragha, hakuwa amepanga kukaa Bitcoin akikagua mabadiliko ya pochi. Wengi walijifunza kazi kwenye nakala ndogo, ambako kosa halikuwa janga, na baadaye wakaanza kuchangia kwenye miradi mikubwa.

Sasa nije kwenye madhara, na hapa sitaki kupita haraka.

Tarehe 17 Septemba 2018 wasanidi wachache wa Bitcoin Core walipokea taarifa ya siri. Kwenye toleo la 0.14 kuna ukaguzi mmoja uliokuwa umerukwa ili bloku zihakikiwe kwa kasi zaidi: ukaguzi wa kuhakikisha muamala mmoja hautumii sarafu ile ile mara mbili ndani yake. Kwenye 0.14 mchimbaji mwenye nia mbaya angeweza kuzima kompyuta za watu. Kuanzia 0.15 hali ilikuwa mbaya zaidi, kwani mtu angeweza kutengeneza sarafu zisizokuwapo, na ukomo wa Bitcoin wa sarafu milioni 21 ungebaki maneno matupu. Siku iliyofuata, toleo la 0.16.3 lilitoka likiwa na kiraka cha kuziba upenyo huo. Mwanzoni walitangaza hatari ndogo tu, ile ya kuzima kompyuta, ili watu wapate muda wa kusasisha kabla wezi hawajaelewa. Tarehe 20 ukweli wote ukawekwa wazi.

Aliyeigundua hitilafu hiyo ni msanidi wa upande wa Bitcoin Cash, anayejulikana kwa jina la awemany. Bitcoin Cash ilijitenga na Bitcoin Agosti 2017 baada ya miaka ya matusi ya pande zote mbili. Mtu huyo alikuwa na kila sababu ya chuki, na mkononi alikuwa na silaha ambayo ingewaumiza mahasimu wake. Alichofanya ni kuwaandikia kimyakimya pande zote zilizohusika. Kila ninapoambiwa kwamba nakala hazina faida yoyote, huyu ndiye ninayemkumbuka. Kama Bitcoin Cash isingekuwapo, macho yale yasingekuwa yakisoma mistari ile.

Lakini hitilafu hiyo hiyo ina upande wa pili. Kulikuwa na sarafu ndogo iitwayo Pigeoncoin, ambayo msimbo wake ulitokana na ule ule wa Bitcoin. Kiraka kilikuwa wazi kwa yeyote kukichukua, bure, na maelezo yake yako hadharani. Hawakukichukua kwa wakati. Mtu akaja akatumia upenyo huo akajitengenezea takriban sarafu milioni 235 kutoka hewani. Watu wanaosimulia kisa cha 2018 huishia pale Bitcoin iliponusurika. Mimi naona somo zito zaidi liko kwa waliofuata nyuma, waliorithi ufa wakiwa hawana fundi.

Si mara moja tu. Mwanzoni mwa 2017 wasanidi wa Monero waligundua kwamba msimbo wa CryptoNote, walioupata kupitia sarafu ya Bytecoin, uliruhusu kuzalisha sarafu bila kikomo. Walijiziba kwanza, kisha wakaanza kuwatafuta wenzao wote waliotumia msimbo huo ili nao wajizibe, na ndiyo maana hawakutangaza hadharani hadi Mei. Fikiria kazi hiyo: kuandika barua kwa miradi ambayo haikuwahi kukuchangia mstari hata mmoja, na wakati huohuo kukaa kimya kwa miezi kwa ajili ya usalama wao. Kila nakala iliyotelekezwa ni mzigo juu ya mgongo wa wale wanaofanya kazi kwa uaminifu. Waswahili husema mchuma janga hula na wa kwao, na kwenye msimbo wa pamoja "wa kwao" ni wengi sana.

Nina kisa changu, na sitautaja mradi wenyewe. Baada ya lile la Septemba 2018 nilikesha nikilinganisha mafaili ya sarafu moja ya kuiga na yale ya asili. Ukiondoa jina, rangi za nembo na chainparams.cpp, tofauti zilikuwa chache kiasi kwamba nilidhani programu yangu ya kulinganisha imekwama. Na ukaguzi ule uliorukwa, ulikuwa bado umerukwa. Nikawaandikia nikiwaeleza mstari gani, faili gani, na jinsi ya kuchukua kiraka. Jibu lilikuja siku tatu baadaye: wanashukuru, ila kwa sasa nguvu zao zote ziko kwenye kuorodheshwa sokoni, masuala ya kiufundi yatafuata. Nililisoma mara kadhaa. Kulikuwa na watu waliokuwa wameweka pesa zao humo wakiamini kuna mtu anayelinda, na hapakuwa na mtu.

Hapo ndipo ninapotofautisha. Sipimi sarafu kwa upya wa wazo lake. Nakala kavu kabisa, isiyo na jipya lolote, ikiwa na watu watatu wanaofuatilia viraka na kutuma taarifa kwa wenye msimbo wa asili, naiheshimu. Mradi wenye wazo la ajabu lakini msimbo wake haujaguswa tangu mwaka juzi, huo ni hatari. Kuhusu zile tokeni, sarafu zinazopanda juu ya mtandao wa mwingine, zinazotengenezwa kwa dakika chache kwa kubofya, sina mengi ya kusema. Hazinakili msimbo wa maana, hivyo hazina cha kurudisha. Madhara yake ni kwa mifuko ya watu, na kwa jina zima la sarafu huria, kwa sababu aliyetapeliwa hatofautishi.

Madhara ninayoyaogopa kuliko yote hayatajwi sana. Mwishoni mwa Agosti 2020, SushiSwap ilinakili msimbo wa Uniswap, soko la kubadilishana sarafu linaloendeshwa na programu, ikaongeza tokeni yake ya kuwavutia watu, na ndani ya wiki chache ikawashawishi wengi wahamishe amana zao kutoka kwa waliouandika. Kisheria hakuna kosa. Lakini Uniswap ilipotoa toleo la tatu Mei 2021, haikulitoa tena chini ya leseni huria. Iliweka leseni ya kibiashara iliyozuia wengine kuutumia msimbo huo kwa biashara kwa hadi miaka miwili. Toleo la nne lilifuata njia hiyo hiyo. Msimbo unaonekana, unasomeka, lakini huruhusiwi kuuendesha kibiashara kama wako mpaka muda uishe.

Siwalaumu sana waliofanya hivyo. Mtu ametumia miaka kujenga, kisha anaona kazi yake ikitumika kumnyang'anya wateja ndani ya wiki chache. Hata hivyo inaniuma, kwa sababu hasara si ya SushiSwap, ambayo tayari ilishapata ilichotaka. Hasara ni ya mwanafunzi aliyetaka kulichukua toleo la tatu, kubadilisha kipande kimoja na kulizindua wazo lake kwa watu, kama alivyofanya Charlie Lee, mwanzilishi wa Litecoin, na msimbo wa Bitcoin mwaka 2011. Nakala iliyobeba bila kurudisha imemfungia mlango mtu asiyehusika.

Ndiyo maana nawaomba wanaoanzisha sarafu kwa msimbo wa wengine mambo ambayo hakuna leseni itakayowalazimisha kuyafanya. Tengeni sehemu ya sarafu zinazochimbwa kwa ajili ya matengenezo, na muiseme wazi tangu siku ya kwanza; Zcash ilitenga asilimia 20 ya zawadi za miaka minne ya mwanzo kwa waanzilishi, wawekezaji na wahandisi wake, watu wakabishana sana, lakini kila mtu alijua fedha za kazi zinatoka wapi. Mwekeni mtu mmoja mwenye jukumu la kusoma matangazo ya usalama ya msimbo mliouchukua. Mkikuta hitilafu, iandikieni timu ya asili kabla ya kuitangaza. Na siku mnapochoka, andikeni juu kabisa ya ukurasa wa mradi kwamba hakuna tena anayeutunza, ili mwenye pesa zake humo azitoe mapema.