Thomas Brassey: wema wa mkandarasi na haki ya kibarua

Januari 1846, daraja la matofali lenye matao 27 na kimo cha takribani mita 30 liliporomoka huko Barentin, karibu na Rouen nchini Ufaransa, reli ya kwenda Le Havre ikiwa bado haijafunguliwa. Lawama ziliangukia chokaa na mvua kubwa. Mkandarasi wake, Mwingereza Thomas Brassey, angeweza kushikilia karatasi, maana chokaa ya eneo lile ndiyo iliyotakiwa na mkataba. Hakufanya hivyo. Yeye na mshirika wake William Mackenzie walilijenga upya kwa gharama zao, kazi ikaisha kabla ya miezi sita kutimia. Treni zinapita juu yake hadi leo.

Ukitaka kumsifu Brassey, sifa zipo. Alizaliwa Cheshire mwaka 1805, akaanza kazi za reli kwa daraja la Penkridge, na hadi anafariki mwaka 1870 inakadiriwa kuwa katika kila maili 20 za reli duniani, moja alikuwa ameijenga yeye. Vita vya Austria na Prussia vya mwaka 1866 vilipowatenganisha mafundi wake wa reli ya Lemberg (leo Lviv, Ukraine) na mishahara yao, wakala wake Victor Ofenheim alipanda injini kuukuu na kuiendesha kwa kasi katikati ya majeshi mpaka fedha zikafika. Tena huo ndio mwaka benki ya Overend Gurney ilipoanguka London na kumvuta mshirika wake mwingine, Samuel Morton Peto, hadi kufilisika. Kulipa watu katika hali ile kunahitaji moyo.

Hata hivyo, mimi nampima kwa kibarua wa chini kabisa. Brassey aliigawa njia vipande vipande kwa wakandarasi wadogo, nao wakakusanya magenge ya kuchimba. Inasimuliwa kwamba akikuta mwamba mgumu kuliko ilivyodhaniwa, alimwongezea mkandarasi mdogo bei palepale, bila kuombwa kwa maandishi. Naamini alifanya hivyo. Lakini nyongeza ile iliishia mfukoni mwa mkandarasi mdogo, na aliyeshika sururu alibaki kutegemea huruma ya bosi wake. Akivunjika mguu, hakuwa na pa kudai.

Ubaya wa hali hiyo ulikuwa unajulikana. Mwaka huohuo wa 1846, kamati ya Bunge la Uingereza ilichunguza maisha ya vibarua wa reli, baada ya vifo 32 katika handaki la Woodhead, ambalo halikuwa kazi ya Brassey. Kamati ikapendekeza waajiri wawajibike kwa ajali. Bunge likanyamaza.

Watetezi wake husema tusimhukumu mtu wa zama zile kwa sheria za leo. Ni hoja nzito, na kwa sehemu naikubali: Brassey hakuwa mbunge, na sheria ile hakuizuia yeye. Lakini inapwaya tukirudi Ufaransa. Huko sheria ya madai ilikuwa tayari inamtaka aliyesababisha madhara kwa uzembe ayalipe, na Brassey alijenga reli ya Paris hadi Rouen chini ya sheria hiyohiyo, kisha akaomba kazi zaidi. Kwa hiyo mtu akidai kwamba fidia ingeua ujenzi wa reli, dai hilo halisimami. Yeye alikuwa na ushahidi huo mkononi, na sauti yake ingesikilizwa kuliko ya kibarua yeyote. Hapo ndipo ninapomlaumu, na sioni kama daraja la Barentin linamfutia.

Sheria ya Uingereza ya kumwajibisha mwajiri ilipitishwa mwaka 1880, Brassey akiwa kaburini miaka 10. Na bado majeruhi alitakiwa kuthibitisha kosa la mwajiri au la msimamizi wake. Mzigo huo ulianza kuondolewa mwaka 1897, reli nyingi za Uingereza zikiwa zimekwisha kujengwa.